Mwacheni Mke wa Nyamgondho na Sura Yake

Kwa wakuu wa mitaala ya shule, wahariri wa vitabu vya watoto, na ninyi mnaoketi meza ya mbele kuamua tamasha za drama,

Salamu nyingi kutoka Kisumu. Nawaandikia kuhusu sura tunazowapa waovu katika vitabu na michezo ya watoto, na kuhusu mke wa Nyamgondho, yule mkongwe wa hadithi ya Wajaluo nitakayemfikia mbele.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, huu ni mwaka wa 22. Upande wa kushoto wa uso wangu una kovu la moto. Linaanzia chini ya jicho, linateremka shavuni hadi shingoni, na njiani limechukua nusu ya sikio. Naanza na hilo kwa sababu kila anayekutana nami huanza nalo, ila wengi huanza kimoyomoyo. Nilikuwa na miaka sita, tukiishi Nyalenda. Mama alikuwa ameenda kuteka maji, stovu ya mafuta ya taa ikalipuka. Basi. Hakuna laana ndani yake wala fundisho.

Muhula uliopita shule moja ilinialika niwasaidie kunyoosha lugha ya mchezo wao wa kuigiza. Siitaji, maana lililotokea pale lingetokea popote, na isitoshe walinikirimu kwa chai ya maziwa na mandazi ya moto. Mchezo ulihusu kijiji ambacho visima vyake vimekauka, na mchawi anayejua sababu. Nilikaa pembeni na kalamu nyekundu nikipambana na ngeli. Karibu yangu, kijana wa gredi ya nane aliyepewa kazi ya vipodozi alikuwa akimtengeneza msichana atakayeigiza mchawi. Alikuwa na masizi kwenye kifuniko cha kopo, uji mzito wa unga wa ngano, na rangi nyekundu ya keki. Alitaka kumwekea kovu. Uji ukateleza, ukadondokea kola ya sare. Akajaribu tena, ukadondoka tena. Akamtazama msichana, akanitazama mimi, akamtazama tena msichana. Kisha akaja, mikono nyuma, sauti chini.

"Samahani, mwalimu. Naomba niangalie shavu lako kidogo. Lako limekaa sawa."

Niligeukia dirishani apate mwanga. Sikukasirika, niwaambie kweli. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kuniangalia kwa makini namna ile bila huruma na bila kinyaa. Aliona pale ngozi inapong'aa kama nailoni, pale ilipojikunja kama kitambaa kilichovutwa uzi mmoja, pale weusi unapokatika ghafla. Akarudi, akakoroga unga upya, akachovya karatasi ya shashi na kuikunjakunja, na baada ya dakika kumi msichana akainuka akiwa na shavu langu. Wenzao wakapiga kelele: "Huyo sasa ndiye mchawi!" Nami nikapiga makofi. Kazi nzuri ni kazi nzuri.

Usiku nikautoa mchezo ule mkobani nikausoma upya. Maelezo ya jukwaani yalisema: Mchawi anaingia. Hayo tu. Mtunzi hakutaja kovu wala umri wala meno. Kovu lililetwa na kijana, na kijana naye alikuwa amelipata mahali.

Jumamosi nikafungua sanduku la vitabu vya ziada la darasa letu nikavipitia kimoja kimoja, nikiangalia picha tu, kama afanyavyo mtoto ambaye bado hajajua kusoma. Mwizi ana jicho moja. Mama wa kambo ana chunjua puani. Bahili ana kibyongo. Jambazi ana kovu, na kovu lenyewe liko shavuni daima, kama kwamba wachoraji walifanya mkutano. Msichana mwema ana shingo ndefu na meno meupe. Mganga mwongo hana meno.

Hapo kwenye meno nilikwama. Dani wangu, mama mzaa baba, alikuwa ameng'olewa meno sita ya mbele ya chini, kama desturi ya Wajaluo ilivyotaka zamani. Kwake na kwa rika lake, pengo lile lilikuwa dalili ya mtu aliyekamilika, na aliyebaki na meno yake yote alionekana mtoto. Alikuwa akicheka mdomo wazi bila kujali. Leo mpe mjukuu wake kalamu umwambie achore mchawi, na atakachochora ni mdomo wa dani. Nao washairi wetu wa pwani wamesifu mwanya karne na karne, pengo hilo hilo la meno, ila limehamia juu na kubahatika kupata jina zuri. Hivyo mtu asiniambie kwamba ubaya wa sura ni jambo lililo wazi kwa kila mwenye macho. Ni alama tulizokubaliana, na ninyi ndio mnaozipiga muhuri na kuzipeleka madarasani.

Lugha yenyewe ina kesi ya kujibu, nami ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nitaitaja. Kipofu, kiziwi, kiwete, kibogoyo, kibyongo: wote wamebandikwa ki- ile ile ya kiti na kijiko. Lakini mahali fulani lugha iliona haya, maana husemi kipofu kimefika, unasema kipofu amefika. Wazee walioitengeneza Kiswahili walimwita mtu kwa jina la kitu, kisha wakamrudishia utu wake kwenye kitenzi. Katiba yetu ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 54, imekwenda mbele zaidi: mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa, na ya kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Vitabu vya hadithi vingali stejini vinasubiri matatu.

Pengine mtasema ni michoro tu, watoto wanacheza. Mwezi wa Oktoba 2021 huko Marani, kaunti ya Kisii, saa chache tu za barabara kutoka hapa, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa madai ya uchawi. Mei 2008, Kisii hiyo hiyo, watu 11 walichomwa moto kwa madai kama hayo, wanawake wanane na wanaume watatu. Sidai kwamba kitabu cha gredi ya tatu ndicho kilichobeba kiberiti. Mara nyingi ukichimba mambo haya unakuta ugomvi wa shamba, au kijana anayengoja urithi na kuona mzee anachelewa kufa. Hata hivyo, anayetaka shamba anahitaji umati, na umati unahitaji kuamini upesi. Ajuza aliyekonda, macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka sitini, mdomo uliobonyea: kila mmoja kwenye umati alishamwona mtu huyo akiwa na miaka minane, ukurasa wa sita, juu yake pameandikwa "mchawi". Nani atauliza ushahidi?

Na ndugu zetu wenye ualbino. Sensa ya 2019, iliyokuwa ya kwanza kuwahesabu, ilipata watu 9,729 nchini. Mwaka 2010 mahakama ya Mwanza, ng'ambo ya ziwa hili hili, ilimfunga Mkenya mmoja miaka 17 kwa kujaribu kumuuza Mkenya mwenzake mwenye ualbino. Aliyesema kwamba viungo vya mtu vinaleta utajiri hakuwa na duka wala maabara. Alikuwa na hadithi tu, ikapata wasikilizaji.

Ujanja huu si wetu peke yetu, nisije nikaonekana nasema watu wa kwetu pekee. Shakespeare alimweka jukwaani mfalme Richard wa Tatu akiwa na mgongo uliopinda na mkono uliokauka, ili hata aliyeketi nyuma kabisa ajue mapema nani mwovu. Mwaka 2012 mifupa ya mfalme huyo ilifukuliwa chini ya maegesho ya magari mjini Leicester. Uti wa mgongo kweli ulikuwa umepinda, bega moja likawa juu ya jingine. Mkono ulikuwa mzima. Mgongo haukutosha kubeba uovu wote aliotwikwa, ikabidi atafutiwe na mkono. Waingereza hao hao, mwaka 2018, Taasisi ya Filamu yao ilitangaza kwamba haitafadhili tena filamu zinazomtambulisha mwovu kwa makovu ya usoni. Ninyi nanyi mna fedha za umma na mna muhuri.

Sasa najua mtakavyonijibu: tunazo hadithi za uzuri wa ndani. Mnazo. Na hizo ndizo zinazonichosha kuliko zile za wachawi.

Mnazijua zinavyokwenda. Mtoto mwenye kibyongo anachekwa na kijiji kizima. Mto unafurika. Mtoto mwenye kibyongo anaokoa mtoto wa chifu. Kijiji kinamwomba radhi, naye anasamehe wote siku hiyo hiyo kabla ya jua kutua. Mwalimu anauliza darasa: tumejifunza nini? Darasa linaitikia kwa pamoja kwamba tusimdharau mtu kwa sura yake. Mimi ninayeuliza hilo swali, tena kwa sauti, huku nikiwa na shavu hili, hujiuliza lingine moyoni: je, mto usingefurika? Yule mtoto angekula wapi? Mwenye sura laini ana ruhusa ya kuwa mvivu, mwongo, mdokozi wa sukari, na bado akaitwa mtoto wetu. Sisi wengine lazima kwanza tuokoe mtu.

Nimewahi kupanda matatu Kondele, sijafungua hata mdomo, mama mmoja akanishika mkono akaniambia, "Mwanangu, una roho nzuri sana." Aliionea wapi? Mimi ni bahili. Sipendi wageni wasiopiga simu kwanza. Kuna mama muuza omena pale Kibuye ninayedaiwa naye shilingi 150 tangu Pasaka, na nikienda sokoni napitia upande wa mitumba ili tusionane. Lakini kwa kuwa uso wangu una kovu, yule mama wa matatu aliona ni lazima Mungu awe alinifidia mahali, akanihesabia fidia ndani.

Hata methali zetu zina mtego huo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sawa. Ila anayeiamini sana hufikia kuamini kinyume chake pia, kwamba palipo na ubaya nje basi ndani pana dhahabu, na kote kuwili ngozi imebaki kuwa kibandiko cha bei. Hujafa hujaumbika ndiyo hunitetemesha zaidi, kwa sababu husemwa nikiwa nimesimama pale pale. Mtu anamkemea mwanawe aliyenicheka: usicheke, hujafa hujaumbika! Mtoto ananyamaza na kuniangalia kwa hofu. Dakika moja iliyopita nilikuwa kichekesho, sasa nimekuwa ajali inayomngoja njiani. Afadhali angecheka.

Na sasa nifike kwa Nyamgondho, maana ndiye aliyenifanya nikae chini niandike.

Dani alitusimulia hivi. Nyamgondho mwana wa Ombare alikuwa mvuvi fukara upande wa Gwassi. Asubuhi moja alivuta mtego wake ukawa mzito, akafurahi, kumbe ndani ni mwanamke mkongwe. Dani alipofika hapo alifumba jicho lake moja, akaachia mdomo wake usio na meno ukalegea, tukajua mwanamke mwenyewe yukoje. Nyamgondho akataka kumrudisha majini. Mwanamke akamwambia, nipeleke nyumbani kwako. Akampeleka, akamwoa. Kesho yake boma lilijaa ng'ombe. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, hadi wengine wakakosa pa kulala. Nyamgondho akawa tajiri, akaoa wengine, akawa mlevi. Usiku mmoja akarudi kutoka kwenye pombe akakuta lango limefungwa, akasimama nje akimtukana mkongwe: wewe niliyekuokota ziwani, wewe usiye na sura, nifungulie! Mwanamke akainuka bila kujibu. Akaanza kutembea kuelekea ziwani. Ng'ombe wa kwanza akaamka akamfuata, wa pili akafuata, mbuzi, kuku, wote, mstari mmoja hadi majini. Nyamgondho akabaki ufukweni ameegemea fimbo yake, na akageuka mti pale pale. Hadi leo ukifika Nyandiwa utaonyeshwa mti wa Nyamgondho, na alama za kwato kwenye miamba.

Angalieni kinachokosekana. Yule mwanamke hakugeuka kuwa mrembo. Hakuna popote. Mwaka 1740 Gabrielle-Suzanne de Villeneuve alichapisha huko Ufaransa kisa cha msichana mrembo na mnyama wa kutisha, ambapo mwishowe, msichana akishapenda, mnyama anavua unyama wake na kuwa mwana wa mfalme. Ndiyo zawadi ya msichana: amependa kisichopendeza, basi apewe kinachopendeza. Kwa dani hapakuwa na zawadi ya namna hiyo. Mkongwe aliingia bomani mkongwe, akatoka mkongwe, akaondoka na ng'ombe wake. Wala dani hakutuambia kama alikuwa na roho nzuri. Alikuwa na mali yake na heshima yake, na aliyevunja heshima akapoteza mali. Hadithi nyingine ya kwetu, ile ya Simbi Nyaima karibu na Kendu Bay, inakwenda njia hiyo hiyo: kikongwe aliyechakaa anafika kijijini watu wakinywa na kucheza, wanamfukuza, mwanamke mmoja tu anamkaribisha, na usiku kijiji kinazama na kuwa ziwa. Wasimulizi hawakuona haja ya kumvisha kikongwe uso mpya. Pale ziwani sasa hutua heroe.

Basi nililetewa muswada wa tamthilia nisahihishe lugha. Kisa ni cha Nyamgondho. Onyesho la tatu, mvuvi anapomkubali mwanamke, taa zinazimwa, ngoma inapigwa, na taa zinapowaka mkongwe amekuwa msichana wa miaka ishirini aliyevaa shanga. Nikamuuliza mtunzi, kijana mpole, kwa nini. Akanijibu, "Mwalimu, waamuzi hupenda mabadiliko jukwaani. Halafu, watazamaji wataaminije kwamba Nyamgondho alikaa naye miaka yote hiyo?"

Aliniuliza hivyo akiwa ameniangalia usoni, na sidhani aligundua alichosema. Mume wangu amekaa nami miaka 17.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni hilo la kichwani: mwacheni mke wa Nyamgondho na sura yake. Likija mbele yenu tena, katika mchezo au katika kitabu, mkongwe akigeuka kisura, mrudishieni mtunzi akasikilize wazee.

La pili, wahariri, mchoro ukifika mezani mwulizeni mchoraji: kovu hili linafanya kazi gani? Akisema linaonyesha mtu ni mbaya, basi hana picha bado, ana kibandiko. Sisemi mwenye kovu asiwe mwovu. Mwacheni aibe ng'ombe kama ana tamaa ya ng'ombe, aende kuiba na wenzake wenye nyuso nyororo, wakamatwe pamoja. Ninalokataa ni kovu kutoa ushahidi mahakamani.

Waamuzi wa drama, vipodozi vina alama zake, nami nasema yule kijana wa unga wa ngano mpeni zote. Kisha mwiteni mwelekezi pembeni.

Na ninyi wa mitaala, nina hamu ya kitu kidogo sana. Nataka kusoma na darasa langu kisa cha mtu mwenye uso kama wangu anayeenda ufukwe wa Dunga kununua samaki wa ngege, anabishania bei, anapunjwa, anarudi nyumbani amenuna na kugombana na jirani kuhusu kuku, na hadithi inaisha bila mtu yeyote kutueleza aliunguaje. Watoto watauliza. Nitawaambia hatukuambiwa, fungueni ukurasa wa maswali.

Siku ile ya mazoezi, baada ya kila mtu kutawanyika, nilimkuta yule msichana kwenye bomba la maji nyuma ya madarasa akinawa. Kovu lilikuwa limekauka likawa gumu, akawa analing'oa kwa kucha vipande vipande, na kuku wa mlinzi wanavidonoa chini. Aliponiona alishtuka, akajifunika shavu kwa kiganja kama aliyeiba kitu changu. Nikamwambia aendelee. Akanawa, akajipangusa kwa sketi, akasema, "Mwalimu, hii imeniwasha vibaya. Yako huwasha?"

Nimeishi na shavu hili tangu nikiwa na miaka sita, na swali hilo lilikuwa geni kwangu. Nikamwambia huwasha, hasa jua la saa saba, kwa sababu ngozi hii haitoi jasho. Na nikicheka sana, huvuta jicho.

"Huvuta vipi?"

Nikamwambia, huvuta tu, upande mmoja.

Akafikiri kidogo, maji yakimdondoka kidevuni, akaniambia nicheke aone.

Wenu,
Mwalimu wa Kiswahili,
Kisumu